Mlio wa Agoni

Karakana, 9 Februari

Bibi yangu, mke wangu wa kwanza,

Shikamoo. Huku kwetu wote tunapumua. Mke mwenzio anakusalimu na anasema mkikutana mtagawana siku: yeye Jumatatu hadi Jumamosi, wewe Jumapili nikiwa nimeshachoka. Mtoto ameota meno mawili ya chini na tayari ameyajaribu kwenye kidole cha mama mkwe. Mimi mzima, ila jicho la kushoto linawasha kwa sababu nilichungulia moto bila kinyago. Najua utasema nini, kwa hiyo usiseme.

Barua hii nampa dereva wa lori la gesi, kama ulivyoagiza. Simu umeikataa, umesema inakukata maneno. Sawa. Lakini nieleze jambo moja: lori linaloshusha chupa za gesi kwenye karakana linasimama nyumbani kwako kufanya nini? Dereva nimemuuliza, akatazama viatu vyake.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Tangu nifungue karakana kazi yangu ni mageti, nondo za madirisha na vitanda vya shule. Mwezi uliopita kiwanda cha maziwa, kile kilicho nyuma ya kituo cha mabasi, kilitangaza kwamba kinatafuta fundi wa kuunganisha mabomba yake ya stenlesi, yale meupe yasiyoshika kutu. Ni kazi ya miaka mitatu. Tumebaki wawili, mimi na jirani wa ng'ambo ya barabara, yule tunayemwita Domo. Kila mmoja amepewa nafasi tatu za kupeleka kipande cha mfano. Nikipata, ninaacha kupaka mageti rangi. Nikikosa, anapata Domo, na nitamsikia akisimulia mpaka nizeeke.

Kipande changu cha kwanza kimekataliwa. Mkaguzi wao anatembea na kioo kidogo chenye mpini, kama cha daktari wa meno, nasi tumempa jina hilo hilo, Kioo. Aliutazama mshono akasema una vitundu kama mkate. Akanirudishia kipande kwa vidole viwili.

Bibi, wewe umefundisha kuchomelea chuoni miaka yote ile. Nusu ya mafundi ninaowajua wamepita mikononi mwako. Niambie basi, nitumie gesi gani?

Mumeo mdogo

*

Kitandani, 21 Februari

Mume wangu,

Marahaba. Barua yako imefika inanuka grisi, nikaiweka chini ya mto. Mwambie mke mwenzangu Jumapili siitaki, Jumapili wewe unakoroma. Anipe Jumatano.

Shangazi yako Askari hajambo, na angekuwa hajambo zaidi kama angepata mgonjwa mtiifu. Tangu ahamie chumba cha pili ili anitazame, amepiga marufuku chumvi, redio ya usiku na kusimama bila ruhusa. Juzi nilisimama. Akauliza kutoka jikoni, "Mama, unakwenda wapi?" Nikamwambia nakwenda kuolewa. Akasema, "Basi vaa soksi." Amefanya kazi ya uuguzi mpaka hakuna tena kinachomshtua.

Lori linasimama kwangu kwa shughuli zangu. Na mimi sasa nina chupa yangu, iko hapa kando ya kitanda, lita mbili kwa dakika. Usiulize zaidi.

Turudi kwenye gesi. Chuma kilichoyeyuka ni kama mtoto aliyetoka kuoga. Ukimwacha wazi, anapata mafua. Hewa hii tunayovuta ina oksijeni na naitrojeni, na zote mbili hujipenyeza kwenye chuma kikiwa maji, kisha kikiganda zinabaki humo humo, ndio mkate alioutaja Kioo. Ukichomelea kwa fimbo, ule unga uliopakwa juu ya fimbo unaungua na kutoa moshi wa kukifunika. Ukichomelea kwa tigi hakuna unga. Kuna sindano ya tangsteni inayotoa moto, na gesi inayotoka kuizunguka. Hiyo gesi ndiyo blanketi. Kwa hiyo usiniulize gesi gani ni nzuri. Niulize nani analala chini ya blanketi.

Kabla sijakujibu, nijibu wewe. Sindano yako ukishazima moto, ncha yake ina sura gani? Na ile feni yako kubwa umeielekeza wapi? Nijibu kama unavyomjibu daktari, si kama unavyomjibu mkeo.

Mkeo mkubwa

*

Karakana, 6 Machi

Bibi,

Shikamoo. Mke mwenzio amekataa kuachia Jumatano, mnajuana wenyewe. Mtoto sasa anatambaa, na kila kitu kilichokuwa chini tumekipandisha juu, tukiwemo sisi. Baba amepiga simu, anasema hujampigia. Nimemwambia simu yako ina kutu.

Feni ilikuwa inanipiga mgongoni na kupeperusha gesi, kweli. Nimeigeuza, sasa inampiga Kobe. Kobe unamkumbuka? Ulimfundisha miaka ile ya mwanzo, sasa ni mzee ana mvi na tunafanya kazi pamoja. Kila nikikutaja anakaza mdomo kama mtu aliyezuia chafya. Nikimuuliza kuna nini, anasema, "Hapana, namheshimu sana mwalimu."

Kuhusu chupa yako. Kama umeanza kuchomelea tena kwa siri, lita mbili hazitoshi. Tigi inataka saba au nane. Mtu wa umri wako ajitunze.

Gesi yangu iko sawa, ni agoni. Sindano nayo iko sawa, kama sindano. Ncha imevimba kidogo na ina ukijani kwa mbali, lakini hilo si tatizo, nainoa kila mara. Nadhani ubaya uko kwenye bomba lenyewe walilonipa.

Mumeo

*

Kitandani, 15 Machi

Mume wangu mwongo,

Marahaba. "Sindano iko sawa, kama sindano." Baba yako alikuwa hivyo hivyo. Alipovunja dirisha la jirani aliniambia dirisha liko sawa, kama dirisha.

Sindano iliyovimba na kuota ukijani imelishwa kaboni. Unachomelea tigi kwa chupa ya migi, ile ya mchanganyiko unayotumia kwenye mageti. Imeandikwa AGONI kwa herufi kubwa, na chini yake "na kaboni dayoksaidi" kwa herufi ndogo, nawe ni mtu wa herufi kubwa.

Sikiliza. Mageti yako ni chuma cha kawaida. Ukiyachomelea kwa migi, ile mashine inayosukuma waya wenyewe, hata kaboni tupu inatosha. Inapenya sana, ila inatema cheche kama mtu anayeongea na chakula mdomoni. Ukichanganya agoni sehemu nne na kaboni sehemu moja, inatulia na mshono unalala vizuri. Migi kwenye stenlesi inataka agoni yenye kaboni chembe tu, sehemu mbili katika mia. Ukizidisha, stenlesi itashika kutu na kubaki na jina. Aluminiamu ni agoni safi, na ikiwa nene sana wenye uwezo huongeza heliamu ili kupata joto zaidi. Na tigi, chuma chochote kile utakachoweka mezani, ni agoni safi. Tangsteni ikishapata moto haivumilii oksijeni, na kaboni dayoksaidi ni oksijeni iliyovaa koti.

Wala usiifungue gesi mpaka mwisho ukidhani unamkomoa Domo. Ikitoka kwa kasi sana inajizungusha na kuvuta hewa ya nje kuja nayo. Na ukizima moto usinyanyue tochi, ule mpini wenye sindano, papo hapo, acha mshono upoe chini ya blanketi lake.

Askari alinikuta nikisoma barua yako kwa sauti akaninyang'anya, eti nachoka. Akaisoma yeye. Leo asubuhi nimemsikia anamweleza daktari kwamba tigi inataka lita saba au nane, na daktari anaitikia kwa kichwa kwa adabu kubwa.

Mkeo anayekujua

*

Karakana, 2 Aprili

Bibi,

Shikamoo, na yaishe. Ilikuwa chupa ya migi.

Nimeleta agoni safi, na mshono umetoka na rangi ya dhahabu, sijawahi kuona kitu kama hicho kikitoka mkononi mwangu. Nilimwita mke mwenzio aje autazame. Akautazama, akasema ni mzuri, akaniuliza kama nimekumbuka dawa ya mtoto. Mtoto anakohoa kidogo, si kitu.

Nikampelekea Kioo. Kwa mara ya kwanza nilimwona ana meno. Aliupapasa mshono kwa kidole akasema, "Hapa sasa." Kisha akaingiza kile kioo chake ndani ya bomba, akamulika kwa kurunzi, na meno yakarudi mahali pake. Akanionyesha. Ndani, upande wa pili wa mshono, pameota magamba meusi kama sukari iliyoungulia sufuriani. Akasema maziwa yatakwama humo yataoza na watu wataugua. Amekataa.

Imebaki nafasi moja, mwisho wa Mei. Domo naye amebakiza moja. Bibi, gesi gani inaondoa weusi wa ndani? Wewe niambie neno tu. Sitajaribu wala kubahatisha. Nafasi yangu ya mwisho naiweka juu ya neno lako.

Lingine. Dereva nimembana. Amesema chupa anayoshusha kwako si ya fundi, ni ya hospitali. Mimi nimekuandikia kwamba lita mbili hazitoshi. Kwa nini uliniacha niandike upuuzi ule?

Mjukuu wako

*

Karakana, 24 Aprili

Bibi,

Shikamoo. Lori limepita mara mbili bila barua. Dereva anasema ulimfungulia dirisha, ukamwangalia, ukafunga. Shangazi nimempigia, amesema unakula na unabishana, basi nimetulia.

Kama nimekuudhi kwa habari ya chupa, nisamehe. Kama ni jibu unalitafuta, mwezi unakwisha. Domo ameanza kunisalimia kwa upole, jambo ambalo linanitia hofu.

Mjukuu wako

*

Kitandani, 3 Mei

Mjukuu wangu,

Leo sikuiti mume, kwa sababu ninalotaka kusema mke mwenye akili hamwambii mumewe.

Habari kwanza. Askari hajambo, amenunua mashuka mapya na anasema nisiyamwagie chai. Mapafu yangu daktari aliyapiga picha, akaitundika picha kwenye mwanga, akaniuliza nilivuta sigara miaka mingapi. Nikamwambia nimevuta moshi wa fimbo za kuchomelea, katika karakana yenye madirisha mawili, mpaka nilipostaafu. Akairudia picha. Madaktari wakiirudia picha hivyo, Askari huanza kukunja nguo ambazo zimeshakunjwa. Ndivyo nilivyojua kwamba sina muda mrefu. Sasa na wewe umejua. Lita mbili zimekuwa tatu. Tusilirudie.

Uliniuliza gesi gani kwa ndani ya bomba. Lori lilipita, nami nikamrudisha dereva mikono mitupu. Sikuzuiwa na ugonjwa. Sikuwa na jibu, na sikuwa na jibu kwa sababu sijawahi kuchomelea kwa agoni hata siku moja maishani mwangu.

Soma tena, nakusubiri.

Chuo kilipofunguliwa kililetewa mashine moja ya tigi na chupa moja ya agoni. Mtaalamu aliyeileta aliionyesha siku ya uzinduzi, akachomelea mbele ya wageni mpaka gesi ikaisha, akapigiwa makofi, akaondoka. Mimi niliajiriwa baadaye, nikakuta chupa tupu. Nikaomba ijazwe. Nikajibiwa kwamba ombi langu linashughulikiwa, na bila shaka mpaka leo linashughulikiwa.

Nilikuwa mwanamke wa kwanza kufundisha katika karakana ile. Wenzangu walikuwa wanangoja neno moja tu, "sijui", linitoke mdomoni, wanihamishie darasa la ushonaji. Basi somo la gesi lilipofika nilifanya hivi. Nilivuta chupa mbele ya darasa. Nikasimama mbele ya geji ili wasione kwamba mshale umelala kwenye sifuri. Nikavaa kinyago, nikashika valvu, nikaizungusha taratibu, na humo ndani ya kinyago nikatoa mlio kwa meno: sssss. Nikawaambia, "Mnaisikia? Hiyo ndiyo agoni. Haina rangi wala harufu." Wakaandika. Nikafunga valvu, nikanyamaza, nikasema mashine ina hitilafu kidogo, tutaiwasha wiki ijayo.

Hiyo wiki ijayo ilidumu mpaka nilipostaafu. Mwaka mmoja alikuja mkaguzi wa wizara. Kwa heshima yake nilitoa mlio mrefu kuliko kawaida, akaniandikia barua ya pongezi. Ni ile iliyo kwenye fremu sebuleni. Askari huipangusa vumbi kila Ijumaa.

Kila nililofundisha kuhusu gesi lilikuwa sahihi, maana nililisoma kitabuni, na hakuna hata moja nililolijua kwa mkono. Yote niliyokuandikia mwezi wa Machi ni chaki. Chaki hiyo imekufikisha kwenye rangi ya dhahabu, nikafurahi kama mwizi ambaye hajakamatwa. Kisha ukaniuliza jambo lililoko baada ya ukurasa wa mwisho wa kitabu changu, ukaniambia unaweka nafasi yako ya mwisho juu ya neno langu. Ningeweza kukuandikia jibu lolote kwa mwandiko mzuri. Nilianza kuliandika. Nililichana mara tatu, Askari akauliza kwa nini napoteza karatasi.

Nitakueleza ninachofikiri, nawe ukichukue kama mawazo ya mgonjwa anayetazama dari. Nilisema gesi ni blanketi. Wanafunzi wote wale, hakuna aliyeniuliza mgongo unafunikwa na nini. Bomba lina pande mbili. Wa nje umeufunika. Wa ndani unayeyuka vilevile, nao uko uchi, unapigwa na hewa iliyomo ndani ya bomba. Nadhani tatizo si gesi nyingine. Nadhani ni agoni ile ile, mahali pengine: ziba ncha mbili za bomba, uingize agoni ndani mpaka hewa yote itoke, ndipo uchomelee. Nimesema nadhani. Jaribu kwenye vipande vya kutupa kabla hujagusa cha Kioo. Usiweke nafasi yako juu ya neno langu, neno langu lina mshale kwenye sifuri.

Ukitaka kukasirika, kasirika upesi, nisije nikakukosesha nafasi.

Bibi yako

*

Karakana, 27 Mei

Mke wangu, na nakuita hivyo makusudi,

Shikamoo. Mtoto amepona kikohozi. Amesimama peke yake, akajishangaa, akakaa.

Barua yako niliisoma nimeketi juu ya chupa ya agoni. Nilikasirika kuanzia asubuhi mpaka chakula cha mchana. Nilishamtangazia Domo kwamba mimi sina wasiwasi, mimi nina bibi. Baada ya kula nikampa Kobe aisome.

Kobe alisoma mpaka kwenye mlio, akaiweka barua chini polepole, akatoka nje. Nikadhani analia. Nikamfuata, nikamkuta ameegemea ukuta, anacheka mpaka ameshika mbavu.

"Tulijua," akasema.

"Mlijua nini?"

"Sote tulijua. Siku moja alikohoa, na agoni nayo ikakohoa."

Bibi, bweni zima walikuwa wanafanya agoni kabla ya kulala. Mmoja anazungusha kitasa cha kitanda, wengine wanatoa mlio kwa meno. Uliwahi kuniambia kwa majivuno kwamba chuoni walikuita Mwalimu Nyoka kwa sababu ya ukali wako. Kobe anasema ukali hawakuuona sana. Nyoka ni kwa sababu ya sssss.

Nikamuuliza, "Sasa mbona hamkusema?"

Akafuta macho. "Tungesema, wangemwondoa. Na aliyekuwa anaitaka nafasi yake alikuwa hajui hata kushika fimbo. Chuma cha kawaida yule mama alitufundisha mpaka leo nakula kwa mkono ule. Kwa hiyo tuliandika. Haina rangi wala harufu."

Basi tukajaribu, mimi naye. Nilikata bomba lililokataliwa vipande vipande. Cha kwanza nikaziba ncha kwa matambara, yalikuwa na mafuta, ndani pakatoka moshi na weusi kuliko mwanzo. Cha pili nikaziba kwa karatasi na utepe wa gundi, sikungoja hewa itoke, pakatoka nusu peupe nusu peusi. Cha tatu nilisahau kuacha tundu la kutokea, gesi ikasukuma mshono ukiwa bado maji, ukanitemea kwenye glavu. Kobe akasema, "Hiyo hata mwalimu hakuifikiria." Tukagundua kwamba agoni ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inaingia kwa chini na tundu linakaa juu upande wa pili, ili hewa isukumwe itoke. Cha nne, nilipokipasua, ndani palikuwa peupe kama kijiko. Chaki yako ilikuwa kweli, Bibi, ila ilikosa tundu. Na kama usingeniambia ukweli, ningeziba ncha zote bila tundu kwenye kipande cha Kioo chenyewe, na leo ningekuwa nampigia Domo makofi.

Kioo aliingiza kioo chake. Akakitoa, akakifuta kwa shati, akakirudisha. Akauliza nani kanifundisha. Nikasema mwalimu mmoja anaitwa Nyoka. Akaliandika jina.

Domo alipeleka chake siku iliyofuata. Sitaki kusema mabaya ya jirani. Kilikuwa cheusi, na mageti siyapaki rangi tena.

Sasa panga nami. Jumamosi ya tarehe saba nakuja na mashine ndogo ya tigi na chupa ya agoni iliyojaa, mshale nimeuangalia mwenyewe. Oksijeni yako itabaki chumbani, imefungwa, na mlango umefungwa. Wewe utakaa uani kwanza nguo zipate hewa, maana cheche na oksijeni hazikai nyumba moja. Utachomelea kidogo tu, kisha unarudi kwenye mpira wako wa hewa. Shangazi siku hiyo ana zamu ya mchana. Usimwambie.

Mumeo

*

Kitandani, 16 Juni

Mume wangu,

Marahaba. Nimelala siku nane tangu mwondoke, na leo nimepewa ruhusa ya kukaa na kalamu. Lita ni nne. Mwambie mke mwenzangu nimeona nilichokitaka, nampa Jumatano bure. Mtoto uliyekuja naye ana masikio yangu, mchunge.

Unadhani Askari alitukamata kwa bahati mbaya aliporudi na kusimama kwenye mlango wa uani, wewe ukaificha tochi mgongoni kama mwizi wa kuku. Nilimuuliza jana. Akasema, "Mama, bahasha zenu nani huzipokea na kumpa dereva?" Amezisoma zote tangu Februari. Zamu alibadilishana na mwenzake wiki nzima kabla. Nikamuuliza kwa nini basi alikuja kunishika kiwiko badala ya kunirudisha ndani. Akasema mkono wangu ulikuwa unatetemeka, na mgonjwa akitetemeka anashikwa. Kisha akaenda kukunja nguo.

Wewe ulikuwa nyuma yangu, hukuona nilichokiona. Miaka yote nimetazama chuma kupitia moshi, kama anayechungulia jikoni kutoka mlangoni. Hiki kilikuwa kitupu. Kile kidimbwi cha chuma kilichoyeyuka kilikuwa wazi mbele yangu, nikaona chuma kinavyojivuta ukingoni, kinavyong'aa, kinavyoamua kuganda. Hakuna moshi hata kidogo. Nilisahau kupumua, jambo ambalo kwa hali yangu halishauriwi. Na mlio haupo. Nilitega sikio. Ni pumzi ya mtu aliyelala chumba cha pili, basi. Nimewadanganya watoto wa watu hata sauti.

Sasa matokeo. Kipande nimekiweka hapa juu ya meza ya dawa, na nimekikagua kwa kioo cha Askari cha kujipodolea. Mwanzo wa mshono una rangi ya dhahabu, hapo nimejipa alama zote. Katikati mkono umetikisika, sindano imegusa chuma mara mbili. Mwisho nimenyanyua tochi kabla mshono haujapoa, pamebaki tundu, kosa ambalo ningemtoa mwanafunzi nje ya karakana. Jumla arobaini na mbili. Kufaulu ni hamsini. Mtahiniwa amefeli.

Kwa kanuni za chuo, ambazo niliziandika mimi, aliyefeli anaruhusiwa kurudia mara moja, ndani ya mwezi, isipokuwa awe na cheti cha daktari. Cheti ninacho, kirefu, lakini siwezi kukitumia kujipendelea. Daktari anasema nisipange mambo ya mbali, nami kwa mara ya kwanza nimekubaliana naye. Njoo Jumamosi hii. Askari atakuwa msimamizi, ila anasema hawezi kusimamia asichokiona.

Lete vinyago vitatu.

Mkeo mkubwa